Kibonzo Kinapoazima Tamthilia

Kibonzo cha siasa, mwalimu mwenzangu, ni matini kamili. Kina wahusika, mandhari na kejeli, hivyo kihakikiwe kwa makini yale yale. Ugumu huja mchoraji anapoazima tukio la Shakespeare. Watahiniwa wengi hutaja chanzo, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya jibu.

Tazama mchoro wa James Gillray wa London, 1791. Wachawi watatu wa Macbeth wamepewa nyuso za viongozi wa serikali ya Mfalme George wa Tatu. Wanautazama mwezi: upande unaong'aa ni uso wa malkia, upande wa giza ni wa mfalme, aliyekuwa amerukwa na akili mwaka wa 1788. Katika tamthilia wachawi wanayajua yajayo, hapa wanabahatisha. Kejeli imo katika tofauti hiyo, si katika mfanano.

Tukitumie kipimo hicho hapa nyumbani. Katiba ya 2010 yataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wabunge. Mswada wa kutekeleza sharti hilo ulihitaji kura 233 kati ya 349. Februari 2019 ulianguka kwa sababu wabunge wa kutosha hawakuwa ukumbini. Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge; halikuvunjwa.

Tuseme mwanafunzi wa Iguhu, aliyesoma Juliasi Kaizari katika tafsiri ya Nyerere, amechora Katiba ikiwa Kaizari na wabunge wakiwa akina Brutus wenye visu. Mchoro utachekesha, ila utawapamba wabunge. Brutus alijitokeza, akachoma, kisha akasimama mbele ya umma kujieleza. Mswada haukuchomwa na yeyote. Uliuawa na viti vitupu. Afadhali amchore Antony akihutubia juu ya maiti ya Kaizari, na mbele yake hakuna umati, ni viti tu.

Huenda ukauliza: kwa nini asichore fahali wawili wakipigana, mchezo ambao kila mtu wa Idakho anaujua? Fahali wangefaa pangekuwa na mapambano. Siku ile hapakuwa na mpinzani uwanjani.

Kwa hivyo, mtahiniwa, taja kilichoazimwa, eleza kinavyofanana na tukio la kisiasa, kisha onyesha kilichogeuzwa. Usipoona kilichogeuzwa, jiulize kama mchoraji alihitaji kuazima.