Neno "Ndoo" na Hesabu za Tarakilishi

Hapana shaka kwamba Hazina ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Helsinki imewaondolea wanaisimu taabu kubwa. Toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, mengi yakiwa ya magazeti na vitabu, na kila neno limebandikwa maelezo yake ya kisarufi kwa njia ambayo Arvi Hurskainen aliieleza misingi yake mwaka 1992: kamusi na kanuni, wala si kubahatisha. Uzuri wa njia hiyo waonekana katika neno paa. Palipoandikwa "paa amekimbia" na "paa linavuja", upatanisho wa kisarufi wamtenga mnyama na sehemu ya nyumba, na mwanafunzi apata kwa dakika chache mifano ambayo zamani ingemgharimu muhula mzima wa kupekua karatasi.

Lakini sarufi iliyotiwa humo ni ya Kiswahili Sanifu, na hapo ndipo penye mgogoro. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita. Katika lahaja hiyo njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo. Kanuni za sanifu zikikutana na ndaa, zitakiri kuwa hazilijui neno hilo, na msomaji atatanabahi. Zikikutana na ndoo, mwito wa mtu kwa mwenziwe wageuka chombo cha kutekea maji, na hesabu yaendelea kana kwamba hapakutokea jambo. Kosa la pili ndilo la kuogopwa. (Na hapa hayajaguswa matatizo ya miswada ya hati za Kiarabu, ambamo irabu moja yaweza kusomwa kwa namna mbili.)

Basi tasnifu inayodai kwamba neno fulani "halitumiki" kwa kuwa halimo katika hazina ya magazeti haijathibitisha lolote juu ya Mombasa wala Lamu. Mtahini aikubalipo, lahaja zilizobeba ushairi mkongwe zahesabiwa kuwa makosa ya tahajia.

Yafaa mwanafunzi achanganue kwanza beti kumi kwa mkono, kisha alinganishe na jibu la tarakilishi. Nazo idara zenye wasemaji wa lahaja hizi zaweza kuanza na kazi ndogo ambayo Helsinki haiwezi kuwafanyia: orodha ya maneno ya Kimvita na Kiamu yaliyo sawa kwa umbo na ya sanifu, bali yana maana nyingine.