Urefu, Ukatili na Kumbukumbu katika Filamu ya Once Upon a Time in America

Filamu ya Once Upon a Time in America (1984), iliyoongozwa na Sergio Leone, imewagawa watazamaji. Wapo wanaoiona kuwa tanzia kuu ya urafiki na usaliti. Wengine huiona ndefu kupita kiasi na katili kwa wanawake. Mgawanyiko huo una chanzo cha kihistoria. Barani Ulaya ilioneshwa kwa dakika 229, ilhali nchini Marekani ilipunguzwa hadi dakika 139 na matukio yakapangwa kwa mfuatano wa wakati. Hivyo iliondolewa mbinu rejeshi, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa msuko wake. Katika toleo refu, matukio ya utotoni, ya 1933 na ya 1968 yanaingiliana katika kumbukumbu za Noodles, jambazi aliyezeeka.

Hata hivyo, kutetea urefu si kujibu hoja ya ukatili. Noodles anambaka Deborah, mwanamke anayedai kumpenda, ndani ya gari. Wanapokutana tena mwaka 1968, mazungumzo yao yanatawaliwa na habari za Max, rafiki aliyemsaliti Noodles. Majeraha ya Deborah hayapewi nafasi; hasara ya Noodles ndiyo inayoombolezwa.

Kwa hiyo, wanaoisifu filamu wana hoja kuhusu muundo, na wanaoilaumu wana hoja kuhusu maadili. Udhaifu wake hautokani na wingi wa damu wala wa dakika, bali na kumnyima aliyetendewa haki ya kukumbuka.