Utoro Sugu Mbulu na Hanang: Nani Anayebeba Gharama ya Mtoto Kuwapo Darasani

Wilaya za Mbulu na Hanang, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 1969 na ambazo tangu mwaka 2002 zimo katika Mkoa wa Manyara, zina aina tatu za maisha zinazopakana kwa karibu sana: kilimo cha Wairaqw katika nyanda za juu za Kainam, Daudi na Dongobesh, ufugaji wa Wabarbaig kuzunguka Mlima Hanang, Bassotu na Balangdalalu, na uwindaji na ukusanyaji wa Wahadzabe katika bonde la Yaeda Chini. Kila aina ya maisha ina namna yake ya kumtoa mtoto darasani. Mtoto wa mkulima hukosekana wakati wa palizi na wa kung'oa vitunguu swaumu, wa mfugaji hukosekana ng'ombe wanapohamishiwa malisho ya mbali, na wa Mhadzabe hukosekana familia yake inapohama kufuata asali, mizizi na ubuyu. Kwa hiyo utoro wa eneo hili hauelezeki kwa kutazama tabia ya mtoto peke yake, wala kwa kumlaumu mzazi kuwa hathamini elimu. Swali lenye manufaa zaidi ni la kiuchumi: siku ambayo mtoto yuko shuleni, kazi aliyokuwa akiifanya hufanywa na nani, na chakula chake cha mchana hutoka wapi? Njia mbalimbali zilizotumika kupunguza utoro zinaweza kupimwa kwa swali hilo.

Kwanza ni vyema kuweka wazi kinachopimwa. Watafiti wengi wa elimu huita utoro sugu hali ya mwanafunzi kukosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo katika mwaka, kwa sababu yoyote ile, iwe ugonjwa, ruhusa au kutoroka. Kwa kuwa mwaka wa masomo Tanzania una siku 194, kiwango hicho hufikiwa mtoto anapokosa siku 20 tu. Utaratibu uliozoeleka shuleni ni tofauti, kwani mwanafunzi huhesabiwa kuwa ameacha shule anapokosekana siku 90 mfululizo, na neno hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtoto aliyekosekana siku 80, akarudi kwa wiki moja na kuondoka tena, huanza kuhesabiwa upya, na mtoto anayekosa siku moja tu kila wiki, labda kwa sababu siku hiyo ni ya gulio, humaliza mwaka akiwa amepoteza siku zipatazo 39 bila kuitwa mtoro na mtu yeyote. Rejista ya mahudhurio, ambayo mwalimu wa darasa huijaza kila asubuhi, ina taarifa hizo zote, lakini kwa kawaida husomwa kwa safu ya siku ili kujua wangapi wamefika leo. Ni nadra kusomwa kwa mstari wa mtoto ili kujua nani anapotea polepole.

Njia ya zamani kuliko zote ni ya sheria. Baada ya mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote kuanza mwaka 1977, Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 ililazimisha kila mtoto wa kuanzia miaka 7 aandikishwe shule na ahudhurie mpaka amalize, na ikamfanya mzazi au mlezi kuwa mwenye kujibu asipofanya hivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 ikaviwezesha vijiji kutunga sheria ndogo, na hapo ndipo zilipopata nguvu faini za utoro, barua za wito za mtendaji wa kijiji na misako ya mgambo. Njia hii ina faida moja, nayo ni kwamba huonyesha kuwa dola inalichukulia jambo hili kwa uzito. Udhaifu wake ni kuwa haiigusi kabisa ile gharama iliyomwondoa mtoto darasani, bali huongeza gharama nyingine juu yake. Mfugaji mwenye kundi kubwa hupiga hesabu, akaona faini ni nafuu kuliko kumwajiri mchungaji, naye mkulima maskini huuza mahindi aliyoyaweka kwa ajili ya chakula ili alipe faini hiyo hiyo. Mmoja ananunua utoro, mwingine anafukarishwa nao.

Kwa upande wa Wabarbaig, hesabu ya mchungaji haiwezi kutenganishwa na historia ya ardhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya ngano ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, yalichukua zaidi ya ekari 70,000 za Hanang, zikiwamo sehemu za malisho bora yaliyotegemewa katika mzunguko wa mwaka. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda Mahakama Kuu, kisha kikashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Kundi lililonyimwa malisho ya karibu huenda mbali zaidi, na kundi linalokwenda mbali huhitaji wachungaji wengi zaidi na kwa siku nyingi zaidi. Uchambuzi wowote wa mahudhurio ya watoto wa Bassotu unaoanza na mila za wafugaji na kuiruka historia hiyo unaanzia katikati ya hadithi.

Jamii hiyo hiyo ina chombo cha nidhamu ambacho halmashauri ingefaa kukijua vizuri. Mtafiti George Klima, aliyekaa na Wabarbaig katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alieleza baraza la wanawake liitwalo gademga, ambalo hukutana na kumhukumu mwanamume aliyewakosea wanawake, na ambalo adhabu yake, kwa kawaida ya ng'ombe, huheshimiwa na wanaume wenyewe. Baraza hilo halikuundwa kwa ajili ya shule, na kuligeuza kuwa tawi la ofisi ya kata kungeliua. Somo lake liko kwingine: adhabu ya gademga hufanya kazi kwa sababu inatolewa na watu wanaoishi na mkosaji, wanaojua uwezo wake na watakaokutana naye kesho kisimani, ilhali faini ya mtendaji hutoka kwa mtu ambaye mwaka ujao huenda akahamishiwa kijiji kingine.

Njia ya pili ni ya fedha zenye masharti, yaani malipo ambayo kaya maskini huyapata kwa kutimiza jambo fulani. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) uliijaribu kwanza katika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambako kamati zilizochaguliwa na jamii zilishiriki kutambua kaya na kufuatilia masharti, kabla ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kuenezwa nchini kuanzia mwaka 2012. Sharti la elimu ni mtoto kuhudhuria angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Kwa kipimo cha gharama, huu ni ufundi ulio bora kuliko faini, kwa kuwa unamlipa mzazi sehemu ya kile anachokipoteza mtoto anapokwenda shule. Hata hivyo sharti lenyewe limewekwa chini mno. Asilimia 80 ya siku 194 ni zaidi kidogo ya siku 155, maana yake ni kwamba mtoto anaweza kukosa siku 38, karibu mara mbili ya kiwango cha utoro sugu, na kaya yake ikaendelea kulipwa kama iliyotimiza wajibu. Aidha, mpango hulenga kaya zilizotambuliwa kuwa maskini, na si rahisi kuitambua hivyo kaya ya Mbarbaig yenye ng'ombe wengi ingawa vijana wake wote wako machungani.

Chakula cha shuleni ni njia ya tatu, na ndiyo inayohubiriwa zaidi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliwahi kugharimia milo katika shule za mikoa yenye ukame, Manyara ikiwamo, lakini msaada ulipokoma mzigo ulibaki kwa wazazi. Sera ya elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, iliondoa ada na michango ya lazima na kuiletea shule ya msingi ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, fedha ambazo chakula hakimo ndani yake. Matokeo yake ni mchango wa hiari wa nafaka: debe la mahindi, kiasi fulani cha maharage, kuni, na malipo ya mpishi. Mpango wa namna hii hutegemea sana wakati. Kamati ya shule inayokusanya mahindi mara baada ya mavuno, yanapokuwa tele nyumbani na bei iko chini, hujaza stoo, na inayosubiri shule zifunguliwe Januari huwakuta wazazi wakiwa wanunuzi wa mahindi kama yenyewe. Tena debe la mahindi ni kipimo cha mkulima. Mzazi wa Kainam hulitoa ghalani mwake, lakini mfugaji wa Getanuwas hulazimika kuuza mnyama ili alinunue, na Mhadzabe wa kijiji cha Mongo wa Mono hana ghala wala zizi. Mchango unaoonekana sawa kwa wote umebuniwa kwa ajili ya kundi moja tu, na watoto wanaoathirika ni wale wale ambao tayari mahudhurio yao ni dhaifu.

Hapo ndipo mfano wa Yaeda unapostahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa umetatua tatizo la nani alipe kwa namna isiyo ya kawaida. Wahadzabe, ambao idadi yao haizidi sana watu elfu moja, wamekuwa na uhusiano mgumu na shule tangu katikati ya miaka ya 1960, serikali ilipojaribu kuwakalisha Yaeda Chini. Elimu ya bweni ilionekana kuwa jibu kwa familia zinazohama, lakini watoto walitoroka na kurudi porini kwa miguu, na wazazi hawakuona sababu ya kuwarudisha. Bweni liliondoa tatizo la umbali, likaleta lile la mtoto kukaa na wageni, kufundishwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani, na kukosa miaka ambayo wenzake hujifunza kutambua mizizi na nyayo.

Mabadiliko yalianzia kwenye ardhi. Mwaka 2011, kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe wa vijiji vya Mongo wa Mono na Domanga walipata hatimiliki za kimila za pamoja kwa eneo la takriban hekta 20,000, na juu ya msingi huo kampuni ya Carbon Tanzania ilianzisha mradi wa hewa ukaa, ambao huuza nje viwango vya kaboni iliyobaki kwenye miti kwa sababu msitu haukufyekwa kuwa mashamba. Sehemu ya mapato huingia kwa jamii, ambayo kupitia mikutano yake huamua matumizi, na miongoni mwa matumizi hayo ni mishahara ya walinzi wa msitu, matibabu, ada na chakula cha wanafunzi.

Tofauti ya mpango huu na mingine yote iliyotajwa ni ya kimuundo. Fedha ni za wote, kwa hiyo hakuna mtoto anayeadhibiwa kwa umaskini wa baba yake. Zinatokana na kulinda pori ambalo wazazi wanaliishi, kwa hiyo shule haiji kama mpinzani wa maisha yao. Tena huamuliwa hadharani, na wazazi waliokubali mbele ya wenzao kuligharimia bweni wana sababu ya kuuliza kwa nini mtoto fulani hayupo huko. Mipaka yake pia iko wazi: fedha za kaboni hazibadilishi lugha ya kufundishia wala hazimfanyi mwalimu mgeni akae Yaeda Chini zaidi ya miaka yake miwili ya kwanza.

Umbali, kwa upande wake, umeshughulikiwa na shule shikizi, yaani vituo vya madarasa ya mwanzo vilivyo chini ya shule mama, ambavyo mara nyingi huanzishwa na wanakijiji kwa nguvu zao. Mwaka wa fedha 2021/22 serikali ilijenga vyumba 3,000 vya aina hiyo nchini kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19. Kwa mtoto wa miaka saba anayevuka mabonde ya Hanang msimu wa mvua, hakuna hotuba inayoshinda darasa lililo karibu na nyumbani.

Wafugaji hawana msitu wa kuuzia kaboni katika kila kijiji, lakini wana mapato mengine ya pamoja ambayo tayari wanayatoa: ushuru wa minada ya mifugo. Halmashauri hukusanya ushuru huo kwa kila ng'ombe, mbuzi na kondoo anayeuzwa, na mfano wa kutenga mapato upo, kwani sheria inazitaka kutoa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Madiwani wa Mbulu na Hanang wanaweza kupitisha, katika bajeti ya mwaka mmoja tu, kwamba sehemu ya ushuru wa kila mnada irudi kwenye shule za kata uliko mnada huo kwa ajili ya chakula cha mchana, na kwamba mgawo wake usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji pamoja na majina ya watoto waliokosa zaidi ya siku kumi katika muhula. Mfugaji atakuwa amelipia chakula cha mwanawe bila kutafuta debe la mahindi, na atakuwa na haki ya kudai kukiona.