Bombolulu Iliwapaje Walemavu Kazi?

Mipango mingi ya ajira kwa vijana wenye ulemavu huanza na mafunzo na kuishia kwenye cheti. Karakana za Bombolulu, kando ya barabara ya Malindi kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, zilianza upande wa pili: kwenye kazi yenyewe. Chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, APDK, kilizianzisha mwaka 1969.

Tazama kidani cha shaba. Kuna kukata waya, kuupinda, kutoboa kifuu, kutunga shanga, kung'arisha. Hakuna hatua hata moja inayodai miguu. Asiyeweza kusimama hukaa mezani. Mwenye mkono mmoja dhaifu hupewa hatua anayoiweza. Hapo swali hubadilika: badala ya "huyu ana ulemavu gani?", fundi mkuu huuliza "hatua ipi anaiweza?" Ushonaji, kazi za ngozi na uchongaji nazo hugawanyika kwa hatua vivyo hivyo. Nyuma ya kazi hizo kulikuwa na soko: watalii waliofika dukani, na wanunuzi wa ng'ambo wa biashara ya haki.

Udhaifu wa mpango huu uko papo hapo. Watalii wakipungua, kama baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997 au wakati wa korona, oda nazo hupungua. Tena, kazi ikibaki ndani ya ua mmoja, waajiri wa mjini hawajifunzi kitu.

Kwa waajiri hao, sheria ya Kenya ya mwaka 2025 kuhusu watu wenye ulemavu inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee angalau asilimia 5 ya nafasi. Lakini Mji wa Kale wa Mombasa ni wa maseremala, masonara na washona kanzu wenye wasaidizi wawili watatu. Sheria haiwagusi, na ngazi ya mlangoni humzuia mwenye kiti cha magurudumu kabla hajaonyesha ujuzi wake.

Mbinu ya Bombolulu inaweza kuhamishiwa huko. Kaunti imlipe fundi posho ya kumpokea mwanagenzi, igharamie mbao za kupandishia kiti na meza ya kimo kinachofaa, kisha impe oda, mathalani za sare za shule. Walimu nao waanze mapema: mwanafunzi akiwa bado darasani, apelekwe karakanani mara kwa mara, fundi amjue kwa jina na kwa kazi ya mikono yake. Cheti kije baadaye.