Si Kila Karata Kali ni Turufu: Uhakiki wa Istilahi za Michezo ya Kompyuta

Miongoni mwa kazi tulizoletewa ili tuzihakiki ni orodha fupi ya istilahi za michezo ya kompyuta, hasa ile michezo ya mbinu ambamo wachezaji wawili hupambana kwa karata. Yamkini baadhi ya wasomaji wetu wataona kwamba hili ni jambo la watoto, lisilostahili kurasa za jarida hili. Sisi hatuoni hivyo. Michezo hiyo imo katika simu za wanafunzi wetu, na kama tutakavyoonyesha, inagusa hata sheria.

Ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano mmoja, nao ni mchezo uitwao Clash Royale, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Supercell ya Helsinki, Ufini. Katika mchezo huo kila mchezaji huingia uwanjani na karata 8 alizozichagua mwenyewe. Karata 4 huwa mkononi mwake, nyingine 4 zinangoja zamu. Kila karata ina gharama yake, nayo hulipwa kutoka katika akiba ya dawa ya kichawi inayojijaza polepole hadi kipimo cha 10. Karata ikishushwa hugeuka askari, jengo au uchawi, na lengo ni kubomoa minara ya mpinzani. Pambano la kawaida huchukua dakika 3, na wachezaji hawangojeani: wote wawili hucheza kwa wakati mmoja.

Tuanze na jina la pambano lenyewe. Mtungaji wa orodha ameliita “pambano la moja kwa moja”. Hapa amefasiri maneno, hakufasiri dhana. Kwa Kiswahili, “moja kwa moja” ni bila kupinda au bila kukatiza. Ndiyo maana redio huwa na matangazo ya moja kwa moja. Msomaji ataelewa kwamba pambano linarushwa hewani wakati linapochezwa, wala hatafahamu kwamba wachezaji ni wawili tu. Wapo wanaopendekeza “ana kwa ana”, lakini nalo lina kasoro, kwani maana yake ni watu kuonana uso kwa uso, ilhali hapa mmoja aweza kuwa Mombasa na mwenzake Helsinki. Twapendekeza “pambano la wawili”. Ni jepesi, nalo halidai zaidi ya lile lililomo katika dhana.

Kosa la pili ni zito zaidi. Kwa zile karata 8 za mchezaji, orodha imetoa “sitaha ya karata”. Asili ya kosa hili haifichiki: neno la Kiingereza linalotaja fungu la karata ndilo litajalo pia sakafu ya meli, na mtungaji amefungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyokutana nayo. Laiti angalipita barazani jioni moja tu! Kiswahili kimekuwa na lugha ya karata kwa karne nyingi. Maneno karata, turufu, kopa na shupaza tuliyapata kwa Wareno, na wenyeji wakayatia mengine yao: karata huchangwa, hugawiwa, huliwa. Na karata zote 52 zikiwa pamoja huitwa jozi.

Je, basi tuseme “jozi”? Hapa twawaomba wasomaji watuvumilie, kwa maana neno la asili nalo si lazima lifae kwa sababu tu ni la asili. Jozi ya karata ni mali ya wote wanaocheza. Huchangwa, kisha kila mmoja hupewa sehemu yake kwa bahati. Katika mchezo tunaouzungumzia kila mtu huja na zake, na ufundi wake huanza kupimwa katika uteuzi huo. Kuziita karata hizo jozi ni kumfanya msomaji adhani kwamba ziligawiwa. Twaona “fungu” lafaa zaidi, kwani fungu ni sehemu ya mtu iliyotengwa kwa ajili yake.

Hoja hiyo hiyo yahusu “turufu”, neno ambalo mtungaji amelitumia kwa karata yoyote yenye nguvu nyingi. Turufu hupata enzi yake kwa kanuni: ikishatajwa, hata ndogo yake hula kubwa ya aina nyingine. Katika Clash Royale hakuna karata iliyopewa enzi ya namna hiyo. Mishale huangamiza kundi zima la mifupa midogo, lakini jitu huipokea na kuendelea na safari yake. Kila karata ina inayoiweza. Anayefundishwa kwamba ana turufu mkononi atakuwa amefundishwa mchezo mwingine.

Kwa upande wa pili, haki yampasa mtungaji apewe. Neno “kushusha” kwa tendo la kucheza karata ni teuzi njema. Angetumia “kutupa”, tungedhani karata imekwisha kazi. Kumbe katika mchezo huu karata iliyoshushwa hurudi mkononi baada ya nyingine 4 kuchezwa, na mchezaji hodari huzihesabu za mpinzani kama vile mcheza bao anavyozihesabu kete.

Sasa tufikie neno lililotufanya tuandike makala haya. Mchezo ulipotoka, karata mpya zilipatikana katika makasha. Mengine mchezaji aliyapata kwa kushinda; mengine aliweza kuyanunua kwa vito ambavyo navyo viliuzwa kwa fedha, na kabla ya kulifungua kasha hakujua atapata karata zipi. Orodha inayaita yote “zawadi”. Zawadi haina bei! Mwaka 2018 tume ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya namna hiyo, yakiuzwa kwa fedha katika baadhi ya michezo ya kompyuta, yanavunja sheria ya kamari ya nchi ile. Nasi Tanzania tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, hivyo neno “kubahatisha” limekwisha kupata makao katika lugha ya sheria. Mzazi akisoma “zawadi” atafurahi. Akisoma “kasha la kubahatisha” atauliza bei. Naye mtumishi wa serikali atakayeandika waraka juu ya jambo hili hatakuwa na njia ya kuuliza swali la haki iwapo istilahi imekwisha kulijibu kwa niaba ya muuzaji.

Tunawashauri wafasiri watumie kipimo kimoja chepesi. Msomee istilahi yako mzee ajuaye karata lakini hajapata kucheza mchezo wa simu, kisha umwombe akueleze alichoelewa. Akiona meli badala ya karata, au zawadi mahali palipo na bei, kosa si lake. Tunangoja maoni ya wasomaji, hasa ya walimu wanaoisikia michezo hii ikizungumzwa na wanafunzi wao kila siku.