Sifa za Kushusha

Ukitoka Nzega kwenda kaskazini, Tinde ndipo barabara inapogawanyika: kulia Shinyanga na Mwanza, kushoto Isaka, Kahama na mpaka wa Rwanda. Malori hayalali. Nyuma ya banda moja la kuchomelea, mchana yanatengenezwa mageti. Jioni tunapiga tizi. Tuna benchi la mbao, panda mbili za chuma, na bomba lenye ndoo ya zege kila upande. Ndoo ya lita 10 ikijaa zege hufika kilo 23 hivi, lakini zetu zilipowekwa kwenye mizani ya mpunga moja ilizidi ya pili kwa kilo 2. Ikapakwa rangi nyekundu, na kila raundi tunaligeuza bomba ili bega moja lisionewe.

Kijana anayeanza huja na hamu ya kunyanyua. Fundi wetu, huyohuyo aliyechomelea panda, hutazama kushusha. "Mdogo wangu, hapa si kitandani," humwambia aliyejitupa benchini legelege. Macho yawe chini ya bomba. Makombe ya mabega yakaribiane na kushuka, kama unayebana punje ya hindi katikati ya mgongo. Makalio yasibanduke, nyayo zikanyage ardhi. Nilidhani miguu haihusiki na kifua, mpaka siku niliyoiinua hewani. Bomba likayumba kama baiskeli iliyopakia magunia ya mkaa.

Mikono ipanuke kupita mabega kidogo, na dole gumba lizunguke bomba. Wapo wanaoliacha gumba upande mmoja na vidole vingine wakiona ndiyo ujuzi. Mimi naita upumbavu: likiteleza, shingo ndiyo inalipokea. Uzito ukae kwenye kitako cha kiganja, kifundo cha mkono kinyooke juu ya kiwiko. Viwiko visitanuliwe kama mbawa za kuku anayeota jua. Bega huumia hapo. Vuta pumzi, shusha taratibu mpaka usawa wa chuchu au chini yake kidogo, gusa bila kudundisha. Kisha sukuma juu ukirudisha nyuma kidogo, bomba limalizie juu ya mabega.

Huo mguso ndio ninaousifu. Kwenye mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Powerlifting, lililoundwa mwaka 1972, chuma lazima kitulie kifuani hadi mwamuzi aamuru kisukumwe. Kwetu fundi hutamka "haya", tena huchelewa makusudi. Juzi mpakia magunia mmoja, kifua kama mlango, alikuwa akidundisha. Alipolazimishwa kutulia aliishia mara nne. Baada yake akalala kijana mwembamba anayeuza karanga kwenye mabasi. Alishusha kama anayelaza mtoto, akatulia, akasukuma mara nane. Ndoo nyekundu haikuinama hata mara moja.

Chuma cha dukani ukikwama nacho peke yako, kama visahani havijafungwa, unaweza kukiinamisha vikamwagika. Zege halitoki. Kwa hiyo hapa halali mtu benchini kabla mwenzake hajasimama kichwani, viganja karibu na bomba bila kuligusa. Jana zamu ya kusimama ilikuwa yangu.