Theluji, Ukungu na Ondoleo: Taswira za Msamaha katika Nchi ya Chai

Mhubiri wa Kericho au Bomet anayetaka kuuona msamaha wa Mungu katika mazingira yake huanza na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, ile ya Union Version, na papo hapo hukwama. Katika Isaya 1:18 weupe wa dhambi iliyosamehewa ni weupe wa theluji. Kericho haina theluji. Kinachoanguka huko kikiwa cheupe ni mvua ya mawe, tena kwa wingi usio wa kawaida duniani. Wastani unaotajwa mara nyingi ni siku 132 kwa mwaka. Mchuma chai anaujua weupe huo: majani yaliyochanika, na kungoja mpaka mchai uchipue upya. Isitoshe, katika Kutoka 9 mvua ya mawe ni pigo la saba juu ya Misri. Kuiweka mahali pa theluji ili wasikilizaji waelewe ni kuugeuza msamaha kuwa hukumu.

Taswira inayofaa zaidi imo katika kitabu hicho hicho cha Isaya. Aya ya 44:22 huulinganisha ufutaji wa dhambi na wingu linalotoweka, na hilo halihitaji ufafanuzi kwa watu wanaoamkia ukungu juu ya mashamba ya chai. Kwa Wakipsigis taswira hii ina kina cha ziada, kwani dini yao ya asili ilimhusisha Mungu, Asis, na jua lenyewe.

Hata hivyo, ukungu una sura mbili, na hapa ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu. Ukishuka, hufunika, ukipanda, huifunua nchi. Lugha ya kibiblia ya msamaha nayo ina vitenzi viwili vinavyokinzana vivyo hivyo: kusitiri, kama katika Zaburi 32:1, na kuondoa, ambacho kimezaa istilahi ya ondoleo la dhambi. Mahubiri mengi huvichukulia kuwa visawe. Zaburi ya 32 yenyewe haikubali. Katika Kiebrania kitenzi cha aya ya kwanza, ambapo dhambi imesitiriwa, hurudi katika aya ya tano, ambapo mtunzi anasema kwamba yeye hakuuficha uovu wake. Watafsiri wa Kiswahili walivitenga kwa kutumia kusitiri na kuficha, uamuzi mzuri kimtindo lakini unaopoteza hoja: Mungu hufunika kile tu ambacho mkosaji amekwisha kukifunua.

Katika nchi ya chai hoja hiyo si ya kisarufi tu. Ukungu ukipanda, kinachoonekana ni mistari ya michai juu ya ardhi ambayo sehemu yake kubwa walinyang'anywa Wakipsigis na kugawiwa walowezi na makampuni. Ukoo wa Talai, uliohofiwa na serikali ya kikoloni kwa sababu ya uongozi wake, uliondolewa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kitenzi ni kile kile cha ondoleo: walioondolewa ni watu, na kosa likabaki. Mhubiri anayeuonyesha ukungu uliotanda kuwa ishara ya msamaha mbele ya wajukuu wa watu hao ameanzia aya ya kwanza na kuiruka ya tano, tena kwa niaba ya mkosaji ambaye hayumo kanisani.

Mwaka 2022 madai ya Wakipsigis na Watalai dhidi ya Uingereza yalifikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka uliofuata Mfalme Charles III, akiwa Nairobi, alitaja huzuni na majuto kwa maovu ya ukoloni nchini Kenya, bila kuomba radhi rasmi. Kwa tukio kama hilo Biblia ina ukungu mwingine, ambao wahubiri hawautumii sana: ule wa Hosea 6:4, ambapo wingu la asubuhi ni wema wa watu unaotoweka mapema pamoja na umande.